Nilivyopima Bunduki kwa Tepu ya Nguo

Mimi nilikuwa nafagia na kupika chai kwenye duka moja la bunduki za kuwindia, kule Randburg. Mwanangu ndiye aliyeniingiza, yeye alikuwa anatunza stoo palepale. Wamama wa kanisa letu Rosettenville walikuwa wananiuliza, wewe uliyezikimbia bunduki toka Uvira mpaka huku kusini, unakwendaje kuzipikia chai? Nawaambia zile za kwetu hazikuwa na adabu. Hizi zinalala kwenye chumba cha chuma na zinafungiwa kwa funguo mbili.

Bosi wetu alikuwa mzungu mrefu, mzee kama mimi, anaongea kama mtu chai ya moto imemshika mdomoni na anaona haya kuitema. Nilikuwa naweza sana kumwigiza. Nikiwa jikoni nikasema "Ja, ja, mama, usisahau maziwa", mwanangu huko stoo anaruka, anaficha simu. Halafu anakuja kuninunia, mtu mzima wa miaka arobaini.

Lakini mtoto yule alikuwa na haki ya kuruka. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imebakiza miezi mitatu iishe, na kila akienda kuirefusha wanamwangalia kama mtu aliyekuja kuomba figo. Alikuwa anasema, mama, mimi nikipata kesi hata ya kutema mate barabarani, nimekwisha. Nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Zikaja bunduki kumi na nane kutoka ng'ambo. Kila moja ilikuwa na chuma mdomoni, kifupi, kina matundu pembeni, kama kifuniko cha chupa ya pilipili kavu. Waliniambia kazi yake ni kupunguza lile teke linalompiga mtu begani. Ruhusa ya kuingiza ilitaja namba ya kila bunduki na risasi inayokula, lakini kuhusu chuma kile haikusema hata neno. Basi bosi akashinda na simu siku mbili. Chuma hiki ni sehemu ya bunduki, au ni kitu peke yake kinachotaka ruhusa yake? Huyu anamwambia hivi, yule anamwambia vile. Mwisho afisa mmoja wa polisi, anayekagua maduka ya bunduki, akasema kama kinatoka kwa kuzungusha na mkono, kiandikwe peke yake. Kila mtutu upimwe mara mbili, kikiwemo na kikiwa kimetolewa, orodha itumwe leo, yeye atakuja kesho asubuhi.

Bosi alikuwa na safari ya kwenda kwa mteja. Akamwachia mwanangu kazi, akaondoka, na tepu ya chuma ikaondoka naye ndani ya gari. Kazi yenyewe ya watu wawili, mmoja anashika, mmoja anaandika. Mwanangu akaja jikoni, akasimama pale mlangoni anakuna kichwa.

"Mama, ile tepu yako ya kushonea iko?"

Tepu yangu huwa haitoki kwenye mkoba. Na mimi sikusoma, lakini namba za tepu nazijua kuliko mwalimu. Ila mfagizi haruhusiwi kuingia kwenye kile chumba, ilikuwa imeandikwa mlangoni, hata mimi nisiyesoma nilishaambiwa. Tukaingia. Yeye anazungusha chuma kinatoka, mimi napima, nasoma namba, anaandika. Tunakirudisha, napima tena. Zote kumi na nane. Nilikuwa naziita kama wateja: wewe bibi una mikono mirefu, wewe umenenepa kiunoni. Alicheka kidogo. Akasaini orodha, akaituma.

Asubuhi afisa akaja. Mzulu mnene, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na tepu yake mwenyewe ya chuma. Nikapika chai. Naingia na sinia ofisini, nakuta bunduki zimepangwa mezani. Afisa alikuwa ameshapima saba. Zote saba zimepungukiwa, na zote kwa kiasi kilekile, sentimita tano.

Nilimsikia anamwambia bosi, polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu, "Orodha yenu inasema sitini na tano. Mimi naona sitini. Ama mmeikata mitutu mkaitia nyuzi mpya za kuzungushia ili ivae vyuma hivi, ama mmebadilisha, ama mmeandika uongo. Kila moja ina kesi yake. Nani amesaini?"

Bosi akamwangalia mwanangu.

Afisa akaomba karatasi zake. Mwanangu akatoa ile karatasi ya ukimbizi, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama leso. Afisa akaisoma, akaiweka chini ya kofia yake. Hakuirudisha. Nikaitazama tepu yake pale mezani, inaanzia sifuri, ndipo nikajua.

Tepu yangu haina mwanzo. Kile kibati cha mbele kilichomoka zamani, nyuzi zikaanza kufumuka, nikaikata. Inaanzia kwenye tano. Nimeshona nayo miaka na sijawahi kuharibu gauni, kwa sababu mwili napima nayo na kitambaa napima nayo, haviwezi kugombana. Nilishasahau kabisa kwamba imekatwa. Ni nani anayekumbuka jino aliloling'oa zamani?

Mwanangu akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, hapana mama. Nilimwelewa. Nikisema, wanajua nimeingia kwenye chumba, na aliyenifungulia ni yeye. Nikinyamaza, anaondoka na afisa. Nilisimama pale nikimwomba Mungu anipe njia ya tatu. Hakunipa.

Nikaweka sinia juu ya karatasi za bosi.

Afisa akaniita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, akasema, "Gogo, toka nje, hapa siyo mahali pa chai."

"Natoka, baba. Nipe mkono kwanza."

Alishangaa mpaka akaunyoosha. Nikachomoa tepu mkobani, nikampima toka begani hadi kiganjani, kama nampimia koti, nikamwonyesha namba: sitini na nane. Nikamwambia ajipime kwa yake. Sitini na tatu. Akaishika tepu yangu, akaitazama pale mbele nilipoikata, akaitazama tena. Akapima bunduki tatu kwa ile yangu. Sitini na tano, sitini na tano, sitini na tano.

Nilidhani atacheka. Alipumua tu, akafuta alichokuwa ameanza kuandika, akawaambia wapime upya mbele yake. Karatasi ya mwanangu ikatoka chini ya kofia. Nilitaka kupiga magoti. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Na huyu gogo aliingiaje kwenye chumba cha bunduki?"

Bosi alitutazama mmoja mmoja. Angesema alijua, duka lingefungwa. Akasema hakujua. Na kweli hakujua. Afisa akasema basi mimi na aliyenifungulia tusibaki hapa, na iandikwe kwamba tumeondolewa, vinginevyo yeye naye atalazimika kuandika mengine. Hata chai haikunywewa. Saa sita haijafika tulikuwa nje, mwanangu na mimi, na mifuko yetu ya plastiki.

Tukapanda teksi mpaka mjini, kisha tukashika ile ya Rosettenville. Nilijaribu kumwigizia afisa, lile shati na zile pumzi zake. Hakunitazama. Nikamwambia nisamehe, papa. Ndivyo ninavyomwita tangu alipozaliwa, kwa sababu ana jina la baba yangu.

Tulikuwa tumeshapita robot ya pili, zile taa za barabarani, ndipo aliposema, "Hawakunifunga, mama."

"Hapana, hawakukufunga."

"Kesho naenda kutafuta kazi." Akageukia dirishani. "Usiende na mimi. Wakikuuliza popote, usiseme mimi ni mtoto wako."

Nikasema sawa. Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku mwezi mzima. Ile miezi mitatu ya karatasi yake ilikuwa imebaki miwili.