Mtu wa Shati Kavu Aliyeniwekea Programu

Sitabishana na mtu. Waliosema ni uchovu wa kunyonyesha hawakuwa kwa hiyo ofisi. Mimi nilikuwa, mchana, macho wazi.

Mimi ni karani wa kiwanda kimoja cha chai huku Bomet. Mimi ndiye huwaambia madereva lori liende kituo gani kuchukua majani, na tunaambiana kwa programu ya meseji ya ofisi, ile inafunguliwa kwa brauza. Kompyuta yangu ni nzee. Brauza inaganda, meseji zinapita sizioni. Supavaisa alishaniambia nikikosa moja tena, nikae nyumbani na mtoto. Cherono alikuwa na miezi minne. Ningemlea na nini?

Saa nane mvua ya mawe ikaanza. Mwanaume akaingia na flashi mkononi, nikadhani ni fundi wa kompyuta.

"Mama Cherono, hiyo ya brauza itakufutisha kazi," akasema. "Nikuwekee ingine, inakaa ndani ya kompyuta yenyewe."

Nikamuuliza kama imetoka kwa wenye programu. Akacheka. "Wenyewe hawaijui. Lakini itakujua wewe."

Hapo ndipo ningemfukuza. Badala yake niliandika paswadi yangu akiangalia. Ikafunguka mara moja, haikuganda. Akitoka, akasema nimsalimie Tapkigen.

Sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa wamama huita majina ya marehemu wa ukoo mpaka apige chafya kwa moja. Cherono wangu alipiga kwa Tapkigen. Jina hilo walilijua wamama wanne na mimi. Hata kliniki sikuliandikisha.

Nikamkimbilia. Ngazi zilikuwa nyeupe kwa mawe, hakuna alama ya kiatu. Askari wa geti akaapa hajafungulia mtu. Ndipo nikakumbuka shati lake: kavu kabisa.

Wewe ungeitoa? Mimi niliiacha. Wiki nzima sikukosa meseji, supavaisa akanisifu.

Jumamosi nikiwa nyumbani, mtoto amelala, supavaisa akanipigia. "Unatucheka? Mbona umetuma lori zote Kabianga? Majani ya Boito yamengoja mpaka yanaungua kwa joto ndani ya magunia."

Nikafungua meseji za ofisi kwa simu. Meseji zilikuwa kwa jina langu, na makosa yangu ya kuandika, zote. Ya mwisho ofisi nzima ilikuwa imeisoma: "Tapkigen anaamka. Ngojeni nimnyonyeshe."

Kitandani mtoto akafungua macho.

Nilisimamishwa kazi mwezi mzima. Ningejitetea vipi, na paswadi ni yangu? Fundi wa kweli alifuta kompyuta yote, akasema hakuona kitu cha ajabu. Siku hizi natumia brauza tu. Ikiganda, nangoja. Lakini wenzangu wanasema kile kitone cha kijani kando ya jina langu, cha kuonyesha niko hewani, huwaka hata nikiwa kanisani. Na mtoto, ukimwita Cherono hageuki. Simu ya mtu ikilia mlio wa meseji ya ofisi, anageuka, anacheka.

Kwa hivyo vumilia brauza yako, hata ikikukasirisha. Na mtu akikuletea programu ambayo wenyewe hawaijui, mvua inanyesha, mguse shati kwanza.