Nilivyotoa saa yangu ya Uswisi nikachukua ya Kijapani, baada ya kumkuta mkwe wangu akifukuza jogoo

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la saa. Naingia, nasoma mnavyogombana kuhusu brand, nacheka peke yangu, natoka.

Leo na mimi nina langu. Ni kweli tupu. Wahusika wako hai na wengine wana simu, kwa hiyo chumvi siwezi kuongeza hata nikitaka.

Nimetoa saa ya Uswisi, ile brand ambayo mkiiona mkononi mwa mtu mnaanza kumwita bosi, nikachukua ya Kijapani. Kwa hiari yangu, na akili zangu timamu.

Wale wa "bila picha hatuamini", picha hakuna. Mtaelewa mbele.

Mimi ni mtu wa Baraka, Fizi, Kivu ya Kusini, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Arobaini nimeivuka. Shule niliishia sekondari, kisha nikashika injini za boti. Nimezifungua Kalemie, Mpulungu, Bujumbura, Kigoma. Dar nako nilikaa miaka.

Sikai mahali, wakuu. Nikiwa huku nawaza kule. Nikifika kule, usingizini nasikia harufu ya ndakala, dagaa zetu, zinazoanikwa ufukweni Mboko.

Saa ile niliinunua Dar. Watu waliniuliza kwa nini nisijenge nyumba kama watu wengine.

Sababu ni hii. Nilipokuwa kijana mdogo tulikimbia vita, tukavuka ziwa. Baba aliacha nyumba ya matofali, mbuzi, cherehani ya mama, na mlango mpya ambao alikuwa hata hajaupaka rangi. Mlango ule aliuzungumzia mpaka anakufa.

Mimi nikajifunza kwamba mali ni ile inayoweza kukimbia na wewe. Saa inakaa mkononi. Ukikimbia, nayo inakimbia.

Sasa, kwa wasiojua jiografia yetu. Kati ya Kigoma na Baraka kuna maji tu, lakini Kigoma wako mbele kwa saa moja. Kigoma kukiwa saa nane mchana, Baraka ni saa saba. Jua ni lile lile. Na simu za pale ufukweni ndiyo usiseme. Ikishika antena ya Tanzania inaruka mbele, ikishika ya Kongo inarudi nyuma, kwa hiyo watu wa Baraka simu zao hawaziamini sana.

Ugonjwa wangu mimi ni huu: nikiwa Tanzania, saa yangu naiweka kwenye muda wa Baraka. Nikirudi Baraka, naizungusha naiweka kwenye muda wa Kigoma. Kichwani natoa saa moja au naongeza, maisha yanaenda. Kigoma walinicheka, Baraka wakanicheka. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nafanya hivyo.

Basi, nikampenda Riziki.

Riziki ni mshonaji, ana kibanda chake Baraka karibu na soko. Mtulivu, ila ulimi anao. Mume wake wa kwanza alimuaga akisema anaenda kwenye machimbo ya dhahabu kwa muda mfupi tu. Hakufa, na hakurudi. Watu wanamwona huko, ana familia nyingine. Wazee wa pande mbili walikaa, ndoa ile wakaivunja.

Siku nilipomwambia nataka kwenda kwao, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Mi nilishangoja ya maisha yote," akasema. "Kama uko muntu wa kungojwa, unipitie mbali."

Nikamwambia mimi si mtu wa kungojwa. Nikaangalia saa yangu, nikaondoka, maana kulikuwa na boti ya Kigoma.

(Ndiyo, nasikia mnavyocheka.)

Wazazi wake wako Fizi-Centre, juu milimani. Baba yake, Mzee Asende, alikuwa directeur wa école primaire, yaani mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sasa amestaafu na analima. Tukaitwa twende saa tisa mchana. Mimi, baba mdogo, na shangazi, juu ya pikipiki mbili.

Kwetu, ukweni hakuingiliwi hivi hivi. Mnafika kwanza kwa jirani. Mnanawa vumbi la njia, mnakaa, mnangoja mtu atoke kwa wenyeji aje kuwaita. Kule kungoja ndiyo heshima yenyewe. Mnawapa wenzenu nafasi ya kuwa tayari kuonwa.

Njia ya kupanda Fizi mnaijua, asiyeijua asiombe. Pikipiki ya shangazi ilizama kwenye tope, tukaivuta. Mimi macho hayatoki mkononi. Saa inakimbia. Natokwa jasho ndani ya koti la kuazima.

"Tumechelewa!" nikapiga kelele.

Baba mdogo akatoa simu yake. "We mutoto, huku inasema hata saa nane haiyafika."

"Baba mudogo, simu za Baraka si unazijua? Hii iko saa ya Uswisi!"

"Batu ya Uswisi banajua njia ya Fizi?"

Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Siku zote natoa saa moja kichwani. Siku hiyo, kwa woga wa ukwe, nilisahau kutoa.

Kwa hiyo kwa jirani hatukusimama. Tuliingia moja kwa moja, kama polisi.

Wakuu, wa kwanza kutupokea alikuwa jogoo. Alitupita katikati ya miguu akiwa anapiga kelele. Nyuma yake akatokea Mzee Asende, kifua wazi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini, kisu mkononi, anahema. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Riziki alikuwa kwenye kinu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na unga wa muhogo umemfika kwenye nyusi.

Jogoo naye akasimama, akatuangalia.

"Yesu wangu," mama mkwe akasema taratibu, akivuta kitenge kichwani. "Muko bageni ya leo ao ya kesho?"

Baba mdogo aliniangalia. Shangazi aliangalia chini, mabega yanatikisika.

Mzee aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na shati jeupe na tai. Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha kidole.

"Kijana, leta mukono."

Nikapeleka.

"Inasema saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu, papa."

"Ya hapa?"

Hapo ndipo nilipoona. "Ya Kigoma, papa."

"Na weye uko wapi?"

"Niko Fizi."

"Mwili, ndiyo," akasema. "Mwili naona."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaongea kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kushika kalamu. "Binti yangu alishaolewa na mwanaume mwenye mwili ilikuwa hapa na roho iko kwingine. Wa pili, hapana. Mutakula, sababu muko bageni. Ile mambo ingine, tutaongea siku saa yako itafika Fizi."

Tukala. Jogoo alikuwa mtamu, ila mimi nilikula macho chini. Mazungumzo hayakufunguliwa. Zawadi zetu tulirudi nazo, na mnajua aibu ya kushuka mlima na zawadi zako mwenyewe.

"Huyu kuku alikufa bure," shangazi akasema tulipokuwa tunapanda pikipiki.

Riziki alitusindikiza hadi barabarani. Alikuwa amenawa uso, lakini unga kidogo ulibaki kwenye sikio. Akanivuta pembeni.

"Mi nilizani unaangaliaka saa sababu uko na haraka," akasema. "Kumbe uko naangalia njia ya kutoka."

Hakulia. Alirudi ndani akifunga vizuri kitenge chake, na mimi nilimwangalia mpaka mlango ukafungwa. Ulikuwa mlango uliopakwa rangi ya bluu. Sijui kwa nini nilikumbuka ule wa baba.

Sasa kuna mtakaosema: si ungerudisha mishale tu, kazi imeisha?

Nilirudisha. Jioni ile ile niliiweka muda wa Baraka. Baada ya siku chache nikajikuta, vidole vyenyewe, nimeshafungua kile kitufe cha pembeni, nazungusha. Nikairudisha tena. Nikajikuta tena. Na kazi yangu kweli iko pande zote mbili, nina wateja wanaonisubiri kwa saa ya kule. Siwezi kujifanya Kigoma haipo. Nimekulia Kigoma. Baba yangu amezikwa upande ule.

Nikaenda Dar.

Dada mmoja anayenunua na kubadilisha saa pale mjini aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua mgongo, akaweka lenzi jichoni, akauliza boksi na karatasi zake. Vyote vilikuwepo. Akauliza kama imewahi kupigwa polish. Nikasema haijawahi. Akafurahi.

Kisha akashika kitufe cha pembeni, akakunja uso.

"Kaka, crown imechoka. Nyuzi zake zimelika. Mtu akinunua saa kama hii anaweka muda, anasahau. Wewe ulikuwa unaizungusha kila siku?"

"Karibu."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwonyesha ile ya Kijapani kwenye kabati lake. Kwa wasiojua, nayo si saa ya barabarani, ni ya daraja la juu, imekamilishwa kwa mkono, ukiigeuza kwenye mwanga mishale yake inakata kama wembe. Lakini mimi nilichopenda ni kitu kimoja. Ndani ya duara kubwa kuna duara dogo, lina mishale yake yenyewe, linaonyesha muda wa mahali pengine.

"Unashuka ngazi, kaka," akasema. "Watu wanatoka Mjapani kwenda Mswisi. Hawarudi."

"Mimi narudi."

Akacheka, tukabadilishana. Bei msiniulize, sitasema. Ila nilipotoka nje mkono ulikuwa mwepesi, nikasikia upweke kidogo. Saa ile ilikuwa imekimbia na mimi miaka mingi.

Nilipofika Baraka nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Riziki. Saa nilikuwa sijaiweka muda. Makusudi. Nikaivua, nikaiweka juu ya kitambaa alichokuwa anashona.

Akaitazama bila kuigusa. "Ile ingine?"

"Nimeitoa."

"Ulitoa ile ya bakubwa?"

"Hii iko na mbili ndani," nikamwambia. "Moja ya huku, moja ya kule. Kigoma siwezi kuifuta, Riziki. Nitakudanganya nikisema naweza. Lakini sijui ipi iwe ipi. Weka wewe."

Akanawa vidole, akaipangusa kwa kanga. Nikamwonyesha pa kuvuta. Akavuta, na mshale wa sekunde ukasimama.

"Imekufa?"

"Hapana. Inakungoja."

Akaniangalia. Kisha akaangalia saa. Hakukisukuma kile kitufe. Alikaa nayo hivyo, imesimama kwenye kiganja chake, na nje watu wanapiga kelele za soko.

"Acha ikae kidogo," akasema. "Hata mi nilingojaka."

Tukakaa.

Alipotosheka akazungusha yeye mwenyewe. "Kubwa, ya huku," akasema. "Kadogo, ya kule. Ukiwa huku, kubwa ya huku. Ukienda kule, kubwa bado ya huku. Usigeuze."

"Sitageuza."

Akasukuma kitufe, mshale ukaanza kutembea.

Mara ya pili tulipopanda Fizi tulisimama kwa jirani. Tulinawa, tukakaa, tukangoja. Baba mdogo alisinzia. Mimi nilikaa nimenyooka, na kungoja kule, wakuu, kulinifaa kuliko safari zote nilizowahi kufanya. Mwishowe mtu akaja kutuita.

Mzee alikuwa na tai. Jogoo alikuwa tayari kwenye sufuria.

"Leta mukono."

Nikapeleka. Akasogeza miwani.

"Na haka kadogo?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ya kule, papa. Kubwa iko ya hapa. Ni mimi niliiweka."

Mzee akaushikilia mkono wangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Bon, ni vizuri," akasema. "Fungueni mazungumzo."

Hiyo ndiyo habari ya saa yangu. Picha siweki kwa sababu mke wangu amesema saa ni ya watu wawili na yeye hajakubali.

Nilichojifunza si kwamba Mjapani ni bora kuliko Mswisi, hapo endeleeni kugombana bila mimi. Ni kwamba mtu anaweza kubeba sehemu mbili bila dhambi, mradi ajue ipi ni kubwa. Na asiyejua, ampe anayempenda amwekee.

Mliobadilisha brand, niambieni ni kitu gani kiliwafanya mbadilishe, na kama mkono ulisikia upweke kama wangu. Na mnaoona nimepoteza mali, semeni tu, siwezi kuumia tena.

Naandika haya nikiwa Kigoma, nimekaa gatini nangoja kipuri. Duara dogo linasema saa kumi na mbili, watu wa hapa wanafunga maduka. Kubwa linasema saa kumi na moja. Riziki bado yuko kwenye cherehani.

Simu imeita katikati ya sentensi hii. Ni mzee. Nikija huku hanisalimii, ananiuliza kitu kimoja tu.

"Kijana, iko saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, papa."

"Bon," akasema. "Basi uko hapa."

Akakata.