Nyumba za Same zilizopimwa kwa mikono ya wakubwa wawili

Wakuu shikamooni. Na nyie wadogo zangu, yaani karibu wote humu, marahaba.

Naandika kwa kidole kimoja. Shule sikuona hata mlango wake, herufi nilizipatia ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nikikosea msinishike shati. Ila ninachosimulia ni kweli tupu. Chumvi ikiwemo ni ya kuonja tu.

Nimeona mnabishana kama halmashauri mbili zinaweza kuchangishana zikajengea watu wa hali ya chini nyumba za bei nafuu. Zinaweza. Mimi nimelala ndani ya moja, na nundu ninayo mpaka leo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho. Nilishuka kutoka Bombo, kule milimani Upareni, kuja kupakia magunia stesheni ya Same. Chumba nilichopanga tulikuwa wanaume wanane. Kugeuka mpaka mkubaliane. Mmoja akipiga chafya, wa mwisho anaangukia barabarani. Na kodi yenyewe ilikula mshahara ikabakiza harufu.

Hapo kuna Namkunda, binti wa Mzee Kiondo wa kule kule kwetu Bombo. Tulipendana, wakuu, sitaki kuwachosha.

Babake akaniita akaniambia hana neno na mimi, ana neno na chumba.

"Binti yangu hatainama kama mbuzi anayeingia bandani. Siku ukiwa na nyumba ambayo mimi nasimama wima ndani yake, uje tuongee."

Akanipa mpaka mavuno. Na kuna fundi cherehani mmoja wa Gonja alishaanza kumshonea mzee suruali za bure. Mzee alikuwa na suruali nyingi kuliko siku za wiki. Mnaona hatari yenyewe.

Sasa bahati. Watu wa mlimani na wafugaji wa tambarare wote walikuwa wanajazana Same kutafuta kazi, na wote hawana pa kulala. Kila upande ulikuwa na baraza lake na hazina yake, lakini hazina moja peke yake isingeezeka hata banda la kuku. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, akasema mkiungana, kiwanja nawapa.

Wakaungana. Ushuru wa soko la mlimani na ushuru wa mnada wa ng'ombe ukaingia kapu moja. Kapu likanunua mabati na misumari. Kazi ni ya wananchi, msaragambo. Kwa msiojua, kwetu Upareni pembe ikilia watu wote wanatoka kufanya kazi ya pamoja, na ukibaki nyumbani utaimbwa mpaka wajukuu waone aibu.

Nguzo zingekatwa nusu mlimani, nusu tambarare. Kipimo wakakubaliana: mikono mitano, kiwiko mpaka ncha ya kidole, mmoja uzame ardhini.

Nami nikaandikishwa nyumba ya kwanza.

Siku ikafika. Watu wamejaa, upepo wa Same unapeperusha kofia mpaka Kenya. Nguzo zikalazwa chini pamoja.

Watu wakasogea kutazama.

Za tambarare ndefu. Za mlimani fupi. Na si kwa kidole, ni kwa goti zima.

Wakuu, mkono ni wa nani? Hilo hakuna aliyeuliza. Wa mlimani walikwenda kwa heshima zote wakapima kwa mkono wa Mfumwa, ndiyo chifu wetu kwa Kipare. Mtu mwenye busara sana, ila mfupi, alikuwa anaangaliana na jogoo macho kwa macho. Wa tambarare nao wakapima kwa mkono wa jumbe wao. Huyo alikuwa mrefu, mvua ikianza analowa yeye kwanza, sisi tunapata habari baadaye.

Fundi wa ujenzi akasema basi tukate ndefu. Wafugaji wakamuuliza taratibu, unataka kukata mkono wa jumbe wetu? Akasema basi tuunge fupi. Wa mlimani wakasema kumbe unatangaza kwamba Mfumwa hakutosha.

Wakubwa wenyewe wamekaa kwenye viti, kila mmoja anatazama mawingu. Watu wangu wakaanza kubeba nguzo zao begani, wanarudi mlimani. Na Mzee Kiondo yumo, kashika nguzo, kavaa suruali ya Gonja.

Nikaona Namkunda ananiponyoka pamoja na nguzo zile.

Yeye mwenyewe alikuwa pale na wenzake wameleta makande ya wafanyakazi. Akanipakulia, akaniambia bila kuniangalia:

"Kwani lazima paa liwe na migongo miwili? Ndefu mbele, fupi nyuma, bati lilale upande mmoja. Maji yote yaangukie nyuma kwenye pipa. Hujaona Same ilivyo kavu?"

Nikaweka sahani chini. Nikapanda juu ya rundo la mabati nikayasema yote kwa sauti, kama yametoka kichwani kwangu. Nikaongeza kwamba jumbe atatangulia mbele kupokea wageni na Mfumwa atakaa nyuma akilinda maji.

Mfumwa akacheka wa kwanza. Jumbe akapiga fimbo yake chini. Nguzo zikarudi.

Nyumba yangu ilisimama kabla jua halijazama, haki ya Mungu, hata udongo ulikuwa haujakauka. Mzee Kiondo akaingia kuikagua. Mlangoni wima. Katikati wima. Akaendelea na kifua mbele mpaka nyuma, tukasikia bati limelia ngo!

Nikajua nimeshonewa sanda na fundi wa Gonja.

Mzee akatoka anapapasa utosi. Akatazama pipa. Akamtazama bintiye.

"Namkunda atakaa huku mbele," akasema. "Wewe kijana utalala kule nyuma."

Ndivyo nilivyooa. Na ndivyo nilivyolala, miaka kumi na moja, naamka asubuhi nagonga bati kama kengele ya kanisa, majirani wanajua kumekucha.

Nyumba za pili mabaraza yalipojenga hayakupima mikono tena. Ilikatwa fimbo moja ikawekwa barazani, pande zote mbili zinapimia hiyo. Zikatoka wima kabisa, zikaongezwa mpaka ng'ambo ya reli. Nikapewa nafasi ya kuhamia, Namkunda akakataa. Huko paa lina migongo miwili, pipa lake litajazwa na nani?

Fundisho langu: mkitaka kuchangishana kujenga, mkono wa mkubwa uacheni nyumbani, njooni na fimbo moja.

Na la mwisho. Miaka yote hii najisifu lile wazo la paa lilikuwa langu. Leo nimesema ukweli kwa sababu bibi yenu amekaa hapa pembeni ananiangalia ninavyobonyeza.

Haya, na kwenu kuna nyumba gani imejengwa kwa ubishi? Semeni, nawasoma polepole, herufi moja moja.