Mstari Usiofanana

Tangu wanawe wazaliwe, jina lake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Wote walimwita Mama Pacha, hata wifi yake aliyemsemea akapata kazi kwenye kituo cha utafiti wa mboga.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchanganya biringanya na nyanya chungu. Mboga hizi ni ndugu, lakini nyanya chungu ndiyo inayostahimili mnyauko, na wataalamu walitaka biringanya ipate ugumu huo. Basi Mama Pacha alikaa kwenye kigoda ndani ya banda la wavu, akachagua tumba la biringanya lililokaribia kuchanua, akalifungua kwa kibano na kung'oa vijiti vyote vya kiume. Huko kuliitwa kuhasi, ili ua lisijizalishe lenyewe. Halafu alipakaza unga wa njano wa ua la nyanya chungu, akalivika ua mfuko wa karatasi. Mumewe alipoelezwa mara ya kwanza, alisogeza kiti chake mbali.

"Kibano hicho kilale hukohuko kazini," alisema.

Mbegu zilizopatikana zilipandwa mstari mmoja. Zilipozaa, Daktari, binti mtaalamu mwenye umri wa kuwa mwanawe, aliupitia mstari ule akasimama.

"Mama Pacha, hawa baba yao ni mmoja kweli?"

Mama Pacha alitazama. Miche mingine ilikuwa na vitunda vidogo vya mviringo vyenye michirizi, vimeshikana vishada. Mingine ilibeba biringanya ndefu za zambarau, mama yao mtupu.

"Baba mmoja, Daktari. Kwani watoto lazima wafanane? Wangu wametoka tumbo moja siku moja. Mmoja baba yake mtupu, mwingine mpaka leo tunamtafutia ukoo."

Wifi yake, aliyekuwa akifanya kazi mstari wa pili, alikohoa kwa cheko. "Ukoo wetu usiuingize humo, wifi."

Daktari hakucheka. Alieleza kuwa wazazi wa mboga hizi wamesafishwa vizazi na vizazi, kwa hiyo watoto wao wa kwanza hutoka sare. Wakitofautiana hivi, kuna aliyeingilia. Angepeleka majani maabara yakapimwe. Kama ni uzembe wa kuhasi, Mama Pacha angerudi kuosha trei za miche.

Jani linamjuaje baba? Mama Pacha alijiuliza hivyo akichambua mchele, wanawe wakimsemesha asiwasikie. Trei hakuziogopa. Alichoogopa ni kuambiwa mzembe, hali uzembe wenyewe yeye hauoni. Alihesabu vijiti kichwani, akavihesabu tena. Alikuwa anaving'oa vyote. Au jicho limeanza kumdanganya?

Majibu yalipokuja, yalisema kama Daktari alivyoshuku: miche yote ya matunda marefu ni biringanya kwa biringanya, mama na baba.

"Kaa hapa uhasi nikiona," Daktari alimwambia.

Aling'oa, hakuacha kijiti. Alipakaza unga, akavika mfuko, akaubana shingoni kwa pini. Kisha, bila kufikiri, akafunua pembe moja ya karatasi kwa kidole.

"Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Hiyo pembe."

"Nimeliachia hewa." Mama Pacha alimshangaa. "Humu joto kali, Daktari. Utamfunika mtoto gubigubi?"

Wifi yake aliweka kibano chini. Daktari alinyoosha kidole juu, kwenye wavu uliochanika, ambapo nyuki alikuwa akipenya kama mwenye nyumba.

"Huyo anatoka kwenye biringanya nyingine na unga miguuni. Anaingia hapo ulipofungua. Unga wa nyanya chungu ni mgeni, unakwenda polepole. Wa biringanya unawahi."

Mama Pacha alitazama pembe, akatazama nyuki. "Lakini linapumuaje?"

"Hewa inapita kwenye karatasi yenyewe. Nyuki ndiye asiyepita." Daktari alijifuta jasho. "Kuhasi unajua. Trei waoshe wengine. Ile miche ya matunda marefu ing'oe yote leo, kesho tuanze upya."

Aling'oa mmojammoja, matunda yakiwa bado mazima, bila kuelewa sawasawa kosa la mche liko wapi. Kesho yake alivika ua la kwanza mfuko, akabana pini pande zote. Alijikuta amebana pumzi, hadi wifi yake alipomgonga begani.

"Pumua, wifi. Wewe hukuvikwa mfuko."