Mashine ya Athumani

Hezroni alishuka mjini Same kutoka Suji, milimani, akiwa kijana, akaanza kung'arisha magari kwa mkono katika kibanda chake kando ya barabara kuu. Ilikuwa miaka ya dhiki. Hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse polishi ya gari. Alichekecha majivu kwa kipande cha kanga, akayachanganya na mafuta ya taa kidogo, kisha akasugua kwa fulana kuukuu mpaka rangi iliyofifia ikaamka. Wenye magari mjini walikuwa wachache, na wote walimjua. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama kwato, naye alikionea fahari.

Kisha ikaja ruhusa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, magari ya mitumba yakaanza kumiminika, na Athumani, kijana wa hapo hapo Same, akarudi kutoka Mombasa na mashine ya umeme ya kupiga polishi. Akakodi kibaraza cha fundi cherehani ng'ambo ya barabara, palipokuwa na umeme.

"Shikamoo, kaka Hezroni," alimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba," Hezroni alijibu bila kuinua macho.

Mashine ilivuma kutwa, na kila ilipovuma Hezroni alihisi inamvumia yeye. Wateja wake walivuka barabara mmoja mmoja, wengine wakijifanya hawakumwona. Lililomuuma zaidi ni mkewe. Dorkas alikuwa akiuza makande pale kibandani, na siku moja alimpelekea Athumani sahani yake, akarudi anacheka.

"Mlango wa lile gari, baba Eva, nimejiona mpaka meno!"

"Na kwangu hukuwahi kujiona?"

Dorkas akaacha kucheka. Siku ile Hezroni hakula makande.

Mwezi uliofuata likaingia lori limebeba boti ya faiba. Ilikuwa mali ya Eliufoo, mchuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, mteja wa Hezroni tangu enzi za majivu. Boti ilikuwa imepauka kwa jua, na Eliufoo alitaka iingie bwawani ikiwa inang'aa. Lori lilisimama kwa Athumani.

"Usinielewe vibaya, Hezroni," Eliufoo alisema. "Kwa mkono utamaliza lini?"

Ilikuwa Ijumaa. Ulipofika wakati wa sala, Athumani alivuka barabara. "Kaka, naenda msikitini. Niangalizie mashine."

Hezroni alikwenda, akaketi karibu nayo. Angeweza kukata waya. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Lakini wivu wake ulitaka kitu kingine: ulitaka kujua. Akaiwasha. Ikamruka mikononi kama mbuzi anayegomea kamba, naye akaikandamiza kwenye ubavu wa boti kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea kukandamiza fulana. Akaishikilia pale pale, akingoja mng'aro. Ikaja harufu ya kuungua. Alipoinua mashine, palikuwa na doa la kahawia pana kama sahani, na katikati yake nyuzi za faiba zimetokeza.

Athumani na Eliufoo walifika karibu pamoja.

"Nani kafanya hivi?" Eliufoo alifoka.

Hezroni alirudi nyuma hatua moja. Athumani alimtazama mara moja tu.

"Mashine ni yangu, mzee. Kosa ni langu. Nitalipa fundi wa kuziba."

Eliufoo alimtukana mbele ya watu, na Athumani akainamisha kichwa. Hezroni alirudi kibandani kwake akiwa hana hata chembe ya nafuu. Athumani alikuwa na mashine, alikuwa na wateja; sasa kumbe hata wema alikuwa nao yeye!

Dorkas alikuwa ameona yote. "Umemwacha abebe mzigo wako?"

"Nawe utamsifu kwa hilo pia?"

"Ndiyo," alisema Dorkas. "Nitamsifu."

Neno hilo lilimsukuma Hezroni kuliko aibu. Alimfuata Eliufoo aliyekuwa akipanda lori, akamwambia ukweli mbele ya watu wale wale. Eliufoo alimtukana upya, matusi marefu zaidi. Athumani alisikiliza, halafu akamwita Hezroni.

"Kule Mombasa niliunguza gari mbili za watu, kaka. Mashine haitaki nguvu, inataka kutembezwa. Shika hapa."

Hezroni alitaka kukataa. Akashika.

Walifanya kazi pamoja miaka kadhaa, Athumani kwenye bodi, Hezroni kwenye kona na vitasa ambako mashine haifiki, na baadaye wakawa wanapokezana. Athumani alipohamia Moshi, Hezroni alikwishanunua mashine yake, na ufundi wake ulisifika mpaka mjini Mwanga. Hata hivyo wasafiri waliposimama, wakitazama huku na huku, neno lao la kwanza lilikuwa lile lile.

"Athumani yuko wapi?"

"Moshi," alijibu Hezroni, akawasha mashine asiwasikie wakiuliza zaidi.