Chakula cha Nhan

Mzee Thanh aliamka alfajiri akapika mwenyewe, yeye ambaye kwa miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kushika mwiko. Alitokosa nyama ya nguruwe na mayai kwa maji ya dafu, akaifunga sufuria kwa taulo, akapanda basi la kutoka Ben Tre kwenda Saigon. Mkewe, Nhan, alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki. Siku kama hiyo marehemu hurudi kula na watu wake, tena hurudi pale picha yake ilipo. Na picha ya Nhan ilikuwa Saigon kwa Khiem, kifungua mimba wao, aliyeichukua baada ya siku mia za msiba kwa kuwa ndiyo haki yake.

Mzee hakupiga simu. Siku ya marehemu haina mwaliko, anayekumbuka huja. Na kumkumbusha mtu siku ya mama yake ni kama kumtukana. Ndivyo alivyoona, na akishaona jambo, ng'ombe wawili hawamvuti.

Saigon alipanda ngazi mpaka kwa Khiem, ghorofa ya nne, akakuta kufuli. Akabisha hata hivyo. Akateremka kumuuliza Dieu, mama wa makamo anayeuza kahawa mlangoni pa jengo.

"Lo! Baba Khiem!" Dieu alishangaa. "Wameenda ufukweni na watoto tangu jana. Kurudi kesho jioni. Mbona hukupiga simu, mzee wangu? Au simu unaifungia kabatini?"

"Nilidhani leo wana shughuli."

"Shughuli ya mama? Si bado siku kumi na moja? Mimi mwenyewe nimeagizwa nipike maandazi ya mchele."

Mzee Thanh akaelewa. Siku ya marehemu huhesabiwa kwa mwezi mwandamo; Khiem alikuwa amehesabu kwa kalenda ya ofisini, ambayo mwaka wake huzidi kwa siku kumi na moja. Kijana mwenye shahada mbili! Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Angemwambia, Khiem angerudi mbio na watoto kwenye gari, halafu angejilaumu mpaka kaburini. Lakini siwezi kusema ni huruma tupu. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia huona raha kidogo kukaa kimya.

Basi akaingia mjini na sufuria yake, kumtafutia mkewe mahali pa kula.

Hekaluni mtunzaji alifunua taulo, akalirudisha upesi. "Mzee, hapa nyama haiingii. Ungeleta hata tofu ya soya!"

Kwenye mgahawa wa wali aliomba kona moja tu, na ruhusa ya kuwasha vijiti vitatu vya ubani. Mwenye mgahawa alicheka, kisha akaona si mzaha. "Babu, niweke maiti wa watu katikati ya wateja? Nitafunga duka leo leo. Kula wewe, ukiwa peke yako hakuna neno."

Peke yako. Alitoka bila kula.

Saa sita jua lilikuwa linakaanga lami. Pikipiki zilipita kama siafu, na mzee akavuka barabara jinsi inavyovukwa: polepole, bila kusimama, bila kurudi nyuma, nazo zikampita huku na huku. Hakuna aliyemgonga na hakuna aliyemtazama. Alipita kwenye soko la vitambaa, msichana akamwita, "Babu, mchukulie bibi hariri!" Akatikisa kichwa. Watu milioni ngapi, na hata mmoja hakujua kwamba leo ni siku ya Nhan. Upweke wa kijijini aliuzoea. Ule una kuku na jirani. Huu wa mjini hauna hata hao.

Alikuwa ameketi chini ya kivuli cha benki alipopigwa na wazo lililomwinua. Anatafuta meza ya nini? Nhan anarudi kwenye picha yake. Kama yeye mwenye miguu alikuta kufuli, Nhan je? Nhan aliyeogopa barabara za Saigon, ambaye hakuwahi kuja huku bila kushika mkono wa shati la mumewe?

Alirudi karibu akikimbia. Dieu alimpa mabakuli mawili na glasi ya mchele wa kusimikia ubani, na safari hii hakumtania. Mzee akapanda, akatandika taulo sakafuni mbele ya mlango uliofungwa, akapakua, akaanza na bakuli la mkewe. Moshi wa ubani ulikuwa ndio kwanza unapanda simu ilipolia.

"Baba, umekula?" Khiem alipiga kelele; nyuma yake watoto na mawimbi.

"Ndiyo naanza."

"Unakula na nani?"

"Nipo nyumbani," akajibu mzee.

"Baba, siku ya mama imekaribia, eh? Usije ukasahau! Nakujua wewe kwa kusahau."

"Sisahau. Nitakuja."

"Uje mapema. Bila wewe mama hatakula."

Mzee alikata simu akaiweka kando. Alisubiri ubani uishe, kama inavyotakiwa, ndipo walio hai wale.

"Kula, mama Khiem," alisema. "Mwanao hajakusahau. Amekosea hesabu tu."

Kisha akalia, mzee mzima, kaegemea mlango wa mwanawe, na chakula kikapoa katika mabakuli yote mawili.