Kiti Kando ya Sufuria

Gershom Jefwa, seremala wa Magongo, alikuwa mtu wa kuona haya. Aliona haya kudai, aliona haya kukataa, aliona haya hata kumwambia mteja kwamba mlango aliouagiza hautaenea nyumbani kwake. Kache, mkewe, alikuwa akimcheka: "Wewe mume wangu, siku moja utaona haya kupumua." Watu walimpenda kwa tabia hiyo, wakamwita mpole. Upole gani! Ulikuwa uoga tu, umevishwa shati la Jumapili.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Maalim Stambuli, mwalimu wa chuo cha Kurani, na mkewe Bi Tumu. Gershom alipofika Magongo kutoka Kaloleni, kijana hana kitu ila msumeno begani, Bi Tumu ndiye aliyempikia mpaka akaoa. Tangu hapo, kila Krismasi mambo yalikuwa yale yale. Alfajiri, Maalim akitoka msikitini hupitia uani kwa Gershom na kisu chake kimefungwa kitambaani. Humlaza mbuzi, humwelekeza kibla, hupiga bismillahi, huchinja, hunawa mikono, huenda zake. Pilau likiiva, Kache hupakua sinia, hulifunika kawa na kulipeleka kwa Bi Tumu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la kusemwa. Wakristo wengi wa pale Changamwe walifanya vivyo hivyo, kwani sikukuu gani hiyo ambayo jirani yako hawezi kuila?

Basi mwaka vita vilipokwisha, akaja Erastus. Huyu alikuwa kaka yake Kache, mwalimu wa dini kule Frere Town, mtu wa tai na viatu vilivyong'arishwa. Alifika jioni ya kuamkia Krismasi akikokota beberu mnene kwa kamba, zawadi kwa dada yake. Kache alikuwa jikoni akikaanga mahamri.

"Shemeji, kesho nani anachinja?" Erastus akamuuliza Gershom.

"Maalim Stambuli, kama siku zote."

Erastus akacheka mpaka akashika kiuno. "Lo! Ama kweli wewe! Ulikataa kuwamwagia tembo la mnazi koma, mizimu ya babako, ukabatizwa mbele ya watu, ukaitwa Gershom. Leo siku ya Bwana wamngoja Mwislamu aje akusomee mbuzi? Huna mikono?"

Gershom alijua la kujibu. Alikuwa na jibu zuri tu, kwamba mbuzi yule hakuwa wake peke yake. Lakini Erastus alikuwa akimtazama, na Gershom akaona haya kulisema. Akanyanyuka, akaenda barazani kwa jirani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Gershom. Mbuzi nimemsikia. Kesho alfajiri, inshallah."

"La, Maalim, usijisumbue. Yule wa kufuga. Nyama ya kesho nimeagiza bucha, yaja imeshachinjwa."

Maneno yale yalimtoka laini, hata mwenyewe akashangaa. Wenye bucha wote walikuwa Waislamu, kwa hiyo Maalim hakuuliza la pili. Alisema tu, "Alhamdulillahi, basi nitalala kidogo."

Asubuhi, Kache alipokwenda kisimani, Gershom alimchinja yule beberu kwa mkono wake, na Erastus akasimama pembeni akisoma sala. Kache aliporudi na mtungi alikuta mbuzi ameshaning'inizwa na anachunwa. Akadhani Maalim amepita, kama kila mwaka. Aulize nini?

Gershom naye alikuwa na mpango wake. Angemwambia mkewe kwamba mwaka huu kwa Bi Tumu yaende mahamri tu. Jambo dogo. Lakini kila alipokaribia jiko Erastus alikuwa papo hapo, akisifu harufu ya bizari, na Gershom akaona haya kumwambia mkewe mbele ya shemeji kwamba amemdanganya mzee. Nitamwambia nikirudi kanisani, akajisemea. Wakatoka, wakamwacha Kache na sufuria yake.

Kanisani aliimba nyimbo zote bila kusikia hata moja. Padre alisema habari za mtoto aliyekosa nafasi nyumbani mwa watu, akalazwa horini, na Gershom akawa anahesabu moyoni: sasa anatia mchele, sasa anapalia makaa. Ibada haikwisha. Ilipokwisha aliruka mabenchi, akamwacha Erastus mlangoni akisalimiana na watu.

"Sinia liko wapi?" alimuuliza Kache, anahema.

"La Bi Tumu? Nimeshapeleka. Hawa wenzetu wakitoka adhuhuri hawapendi kungoja. Mbona umetoka jasho hivyo?"

Gershom alizunguka ukuta, akaingia kwa jirani bila hata kupiga hodi. Maalim na Bi Tumu walikuwa wamekaa mkekani, sinia katikati, nusu limekwisha. Maalim alikuwa amekamata mfupa, anaufyonza.

"Karibu, mwanangu," Bi Tumu akasema. "Mkeo leo amepika!"

Angeweza kunyamaza. Wallahi angeweza, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Alisimama pale mlangoni, akamwona Bi Tumu ananyoosha mkono tena kwenye wali, mkono ule ule uliompikia alipokuwa hana mtu. Hapo ndipo aibu iliyomfumba mdomo tangu jana ilipomfumbua.

"Msile. Mbuzi nilimchinja mimi. Nilikudanganya, Maalim."

Mkono wa Bi Tumu ukarudi pajani polepole. Maalim akaushusha mfupa, akaufuta mdomo wake kwa kitambaa. Alipoanza kusema hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

"Dhambi sina, yakhe. Aliyekula asijue hana dhambi. Mimi nilipoanza kula nilitegemea mawili. Nilitaja jina la Mungu, na nikaliamini neno lako. La Mungu liko pale pale, halikuharibika."

Bi Tumu akainuka, akamwaga wali uliobaki, akaliosha sinia, akalikausha. Halafu akaingia ndani, akatoka na tende, akazipanga juu yake. Sinia la jirani halikutoka tupu nyumbani mwake hata siku moja, na siku ile pia hakulirudisha tupu. "Mpelekee Kache," akasema. Gershom alizibeba zile tende akilia waziwazi kama mtoto, na Erastus alipomuuliza kulikoni, alimpita.

Kache alipoambiwa hakumsemesha siku nyingi. Na mwaka ule ulikuwa mrefu. Idi ilipofika, sahani ya kwa Maalim ikaja kama kawaida, biriani imefunikwa. Gershom alikula asihisi ladha, maana alikiamini chakula chao bila shaka yoyote, na imani hiyo, ambayo yeye aliwavunjia wao, ndiyo iliyomchoma. Maalim alimsalimu kila asubuhi kama zamani. Lakini juu ya Krismasi hakuna aliyetaja neno, na Gershom hakuthubutu kuuliza kama atakuja tena na kisu.

Krismasi ikafika. Alfajiri akasikia hodi uani, na Maalim huyo, kitambaa mkononi. Akamlaza mbuzi, akamwelekeza kibla, akachinja, akanawa. Alipogeuka aende zake akaona kiti kipya cha mvule, kimepigwa msasa vizuri, kimewekwa kando ya mafiga.

"Cha nani hiki?"

"Chako, Maalim," Gershom akasema, macho chini. "Nimekitengeneza ukae hapa uione nyama yako mpaka iive. Usitoke. Ndipo ule."

Maalim akakipapasa kile kiti kwenye egemeo, akakitikisa kuona kama miguu imekaa sawa.

"Kazi nzuri. Lakini mimi nimekuja kuchinja kwa jirani, sikuja kulinda." Akachukua kisu chake, akaenda kulala.

Laiti angekaa! Gershom angepona siku ile ile. Badala yake akakikalia kiti mwenyewe. Erastus alimpitia, Biblia kwapani, akamwita waende kanisani. "Tangulia," akamwambia, bila kuona haya hata chembe. Alikaa pale katika moshi, hakumwachia mtu hata mwiko, mpaka pilau likaiva, Kache akapakua, akafunika. Sinia akalibeba yeye.

"Hodi!"

Maalim Stambuli alikuwa amekwisha kunawa, amekunja mikono ya kanzu, amekaa mkekani.

"Wachelewa wapi, Gershom?" akasema. "Lete, tuna njaa sisi."

Akafunua kawa, akapiga bismillahi, akala. Wala hakuuliza kitu.